Sumu za bakteria na protini ya chakula: mtoto anakula dagaa na karanga, zinaishia wapi?

Mlenda_Mkavu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wadau. Kila msimu wa kuhara ukifika hapa Dodoma unasikia ushauri uleule: mtoto akianza kuharisha mwondolee maziwa, mayai na dagaa, mpe uji mweupe tu, kwa sababu "sumu imeziba utumbo, protini haiingii". Ushauri huu una chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoufanya usiondoke vichwani mwa watu. Naomba tuuchambue kwa undani. Nianze na njia yenyewe.

Protini haiingii kwenye damu kama ilivyoliwa. Tumboni asidi na kimeng'enya cha pepsini vinaikata vipande virefu. Ikifika kwenye utumbo mwembamba, kongosho linamwaga tripsini na wenzake. Tripsini hutoka kongosho ikiwa imefungwa, na kimeng'enya cha kuifungua, enteropeptidasi, kimekaa juu ya ukuta wa utumbo wenyewe. Ukuta ukiumia, tripsini inakuwepo ila haikati kitu. Vipande vya mwisho vinaingia kwa njia mbili: vingi kama peptidi ndogo za asidi amino mbili au tatu kupitia mlango uitwao PEPT1, na vilivyobaki kama asidi amino mojamoja kupitia milango mingine ambayo mingi yake huvutwa na sodiamu.

Kwa hiyo mtu akisema "sumu inazuia protini", muulize ni sumu ipi, na inazuia wapi. Ipo inayomwaga maji bila kugusa ukuta, ipo inayotoboa seli, ipo inayolegeza mishono kati ya seli, na ipo inayokutapisha kabla chakula hakijafika popote.

Darubini

Tuanze na kipindupindu, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Zamani madaktari waliamini kwamba kipindupindu kinabandua ngozi ya ndani ya utumbo, kwa sababu waliipima miili ya waliokwisha kufa. Mwaka 1960 Eugene Gangarosa na wenzake walichapisha vipande vya utumbo vilivyochukuliwa kwa wagonjwa walio hai huko Thailand, na ukuta ulionekana mzima. Mwaka mmoja kabla, Sambhu Nath De wa Kolkata alikuwa ameshaonyesha kwa utumbo wa sungura kwamba maji yaliyochujwa, yasiyo na bakteria hata mmoja, yanatosha kuujaza utumbo. Kazi yote inafanywa na sumu peke yake.

Sumu hiyo ina vipande B vitano vya kushikia na kipande A kimoja cha kufanya kazi. Vipande B vinang'ang'ania mafuta fulani kwenye uso wa seli yanayoitwa GM1. Kipande A kinazama ndani na kukwamisha swichi iitwayo Gs ibaki imewashwa. Kiwango cha cAMP, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, kinapanda, lango la kloridi linabaki wazi, kloridi inatoka, sodiamu na maji vinaifuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Vilai, yaani vile vidole vidogo vya ukuta wa utumbo vinavyofyonza chakula, havijang'oka. Mlango wa SGLT1, unaoingiza glukosi pamoja na sodiamu, haujaguswa. ORS, yale maji ya chumvi na glukosi anayopewa anayeharisha, inafanya kazi kwa sababu hiyo tu: unamwaga maji kwa mlango mmoja, unayarudisha kwa mwingine.

Uwele_Mweupe

Mkuu Darubini, kama vilai ni vizima basi protini inaingia kama kawaida? Hapo ushauri wa uji mweupe umekufa kabisa.

Darubini

Haiingii kama kawaida, dada. Hapa ndipo ile chembe ya ukweli ya Mlenda ilipo.

PEPT1 haivutwi na sodiamu kama SGLT1. Inavutwa na haidrojeni. Juu ya ukuta wa utumbo kuna utando mwembamba ambao uasidi wake umezidi kidogo ule wa maji yanayopita katikati, na anayeutengeneza ni kifaa kiitwacho NHE3: kinatoa haidrojeni moja nje, kinaingiza sodiamu moja ndani. cAMP ikipanda, NHE3 inazimwa. Uasidi ule unafifia na PEPT1 inabaki mlango wazi usio na wa kusukuma. Sumu ya LT ya *E. coli* inafanya hivyohivyo, kwa kuwa ni karibu pacha wa sumu ya kipindupindu. Sumu ndogo ya ST, yenye asidi amino 18 au 19 tu, inapita njia nyingine (cGMP badala ya cAMP) na kufika palepale.

Kwa hiyo peptidi zinapungua kuingia, lakini milango ya asidi amino inayovutwa na sodiamu inaendelea kufanya kazi. Ongeza na mwendo: chakula kinapita mbio, vimeng'enya vinakosa muda. Jumla yake ni kwamba ufyonzaji unashuka, haufungwi. Mtoto aliyefyonza pungufu akipewa chakula bado amefyonza kitu. Asiyepewa hafyonzi chochote, na mwili wake unakula misuli.

Miaka ya 1980 walijaribu kuongeza glisini, asidi amino mojawapo, kwenye ORS wakitegemea milango hii. Faida haikuonekana kwa uthabiti, ikaachwa. ORS inayotumika tangu 2002 ni ileile ya chumvi na glukosi, ila nyepesi zaidi: jumla milimoli 245 kwa lita, sodiamu 75, glukosi 75.

Choo_Hakidanganyi

Naongezea upande wa maabara. Watu wanapima protini *inayoingia*, wanasahau *inayotoka*. Kwenye sumu za kumwaga maji, choo kina chumvi nyingi na protini kidogo. Kwenye kuhara damu ya *Shigella*, utumbo mpana umechubuka na protini ya damu inavuja kuingia kwenye choo. Mtoto anaweza kuwa amefyonza gramu zake sawasawa juu, akazipoteza chini.

Kipimo cha uvujaji huo ni alfa-1-antitripsini kwenye kinyesi. Protini hii ya damu ina sifa ya kutomeng'enywa, hivyo ikiingia utumboni inatoka nzima na unaikuta. Albumini haifai kwa kazi hiyo, inaliwa njiani. Sampuli iingie kwenye ubaridi mara moja, tena mtoto akiwa hajapewa dawa ya kulainisha choo.

Jiko_la_Lita50

Wanasayansi mmeongea, sasa tushuke jikoni. Kwenye jiko la shule au shughuli, kipindupindu si adui wa kila siku. Adui ni *Clostridium perfringens* kwenye sufuria ya maharage au mchuzi wa nyama iliyopikwa leo kwa ajili ya kesho.

Mbegu zake (spora) hazifi kwa kuchemka. Sufuria ya lita 50 ikishushwa na kufunikwa, katikati inakaa kwenye nyuzi 40 hadi 50 kwa masaa. Karibu na 43 hadi 46 bakteria huyu anajigawa kila dakika 10 hivi. Fanya hesabu mwenyewe kutoka saa 2 usiku hadi alfajiri. Usidanganywe na baridi ya Dodoma ya Juni na Julai: hewa ya nje inaweza kuwa 13, katikati ya sufuria bado ni vuguvugu kama uji wa mgonjwa.

Njia: gawa kwenye trei zenye kina kisichozidi sentimita 5. Ziache wazi mvuke utoke, koroga, weka trei ndani ya beseni la maji baridi ubadilishe maji mara mbili. Chakula kishuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Kama huna jokofu la kukipokea, usipike cha kesho. Asubuhi rudisha moto hadi katikati ifike 75, si pembeni kutokota.

Darubini

Hapo kwa Jiko pana fundisho zuri la protini. Mlaji anameza bakteria wengi walio hai, wanatengeneza mbegu ndani ya utumbo na kuachia sumu iitwayo CPE. Sumu hii inashika klaudini-3 na klaudini-4, yaani protini zilezile zinazoshona seli na seli. Baada ya kushika inatoboa tundu, kalsiamu inaingia, seli inakufa. Kwenye sungura wa maabara unaona ncha za vilai zimekatika kama masuke ya mtama yaliyovamiwa na kwelea.

Ncha ya kilai ndipo PEPT1 na vimeng'enya vya mwisho vimejaa. Kwa hiyo hapa, tofauti na kipindupindu, mashine yenyewe ya kufyonza imeondoka. Habari njema ni kwamba ukuta wa utumbo hujivua na kujijenga upya kila siku 3 hadi 5. Seli mpya zinazaliwa chini, zinapanda juu zikikomaa. Siku mbili tatu za kwanza zinakuwa changa na lactose, sukari ya maziwa, inaweza kumsumbua mtoto. Maziwa mgando yanapita vizuri zaidi kuliko maziwa matamu kipindi hicho. Maziwa ya mama hayaachishwi kwa hali yoyote.

Chilonwa_Juu

Si kuchemsha tena tu? Moto unaua kila kitu.

Jiko_la_Lita50

Ndugu, sentensi hiyo imewalaza watu wengi. Moto unaua bakteria. Sumu ni habari nyingine, na kila moja ina tabia yake.

CPE inakufa kwa nyuzi 60 ndani ya dakika chache, na isitoshe kawaida inatengenezewa tumboni, hivyo ukiua bakteria kwa kurudisha moto umejikinga. Sumu ya botulini nayo inavunjika ikikaa juu ya nyuzi 85 kwa dakika 5 au zaidi.

Sumu ya stafilokoka haiumii kwa kuchemsha kwa kawaida jikoni. Imetoka kwenye jipu au pua ya mpishi, ikaingia kwenye maziwa, nyama iliyochambuliwa kwa mikono au mayai ya kukoroga, chakula kikakaa vuguvugu masaa manne, matano. Ukichemsha unaua stafilokoka wote na kuacha sumu yao mezani. Haiogopi hata pepsini na tripsini. Chini ya mikrogramu moja inatosha kumwangusha mtu.

Sereulidi ya *Bacillus cereus* kwenye wali wa kiporo ni kaidi zaidi: imestahimili nyuzi 121 kwa zaidi ya saa moja. Kuukaanga wali huo kwa mafuta na kitunguu ni kuipamba tu.

Dawa yake iko kwenye muda. Chakula kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 zaidi ya saa 2, isipokuwa kile unachokipoza kwa njia ya trei niliyoieleza. Hotpoti nzuri inayoshikilia juu ya 60 haina neno. Ile iliyochoka, inayofikisha chakula mchana kikiwa kama maji ya kuoga mtoto, ni kiatamio.

Mlenda_Mkavu

Na hizi za kutapisha, Darubini, zinaingia wapi kwenye hoja ya protini? Vilai haviguswi sana.

Darubini

Zinaingia kwa njia ya kawaida kabisa: chakula kinarudi kilikotoka. Stafilokoka na sereulidi zinachokoza neva ya vagasi, ubongo unaamuru kutapika ndani ya saa 1 hadi 6. Hakuna haja ya kutafuta mlango ulioharibika. Mtu akitapika saa 2 baada ya kula, usikimbilie "utumbo umeziba". Akipata msokoto wa tumbo na kuhara saa 8 hadi 16 baadaye bila kutapika sana, fikiria sufuria ya Jiko.

Uwele_Mweupe

Kuna ya tatu, nayo si ya bakteria: maharage mekundu yasiyoiva. Lektini yake, protini yenye sumu, inashika uso wa vilai na kutibua ufyonzaji, watu wanatapika ndani ya saa 1 hadi 3, lawama zinakwenda kwa maji. Hapa Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 96. Loweka angalau saa 5, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa moto mkali nusu saa kamili ndipo upunguze. Kuyaacha yajipike kwa mkaa hafifu, yasifike kuchemka, ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Kwenye nyuzi 80 hivi ukali wa lektini unaweza kuongezeka.

Chilonwa_Juu

Basi tuweke na sumukuvu, maana mwaka 2016 iliua watu huku kwetu.

Choo_Hakidanganyi

Iliua kweli, Dodoma na Manyara, vifo 20 kati ya wagonjwa 68 waliorekodiwa. Lakini sumukuvu ni ya kuvu, si ya bakteria, na shabaha yake ya kwanza ni ini. Mahindi na karanga zilizovunda hazirekebishwi kwa mbinu zinazojadiliwa humu: si kuchachusha, si kupoza haraka, si kurudisha moto. Tusizichanganye, tutapoteza watu. Ikitakiwa tuifungulie uzi wake.

Mlenda_Mkavu

Sawa. Nilikuwa na jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha uzi, nalo limegeuka kichwa chini: si sumu tu inayozuia protini, ukosefu wa protini nao unaiachia sumu.

Milima ya Papua New Guinea kulikuwa na ugonjwa wa utumbo kuoza ulioitwa pigbel. Watu walikula viazi vitamu karibu kila siku, protini kidogo sana. Siku ya sherehe wakachinja nguruwe, wakala nyama nyingi kwa mpigo. *C. perfringens* wa aina C akaachia sumu ya beta, na utumbo ukafa vipande vipande.

Sumu ya beta ni protini, na tripsini ya mtu anayekula vizuri inaikata kama inavyokata yai. Mtu mwenye utapiamlo wa protini ana tripsini kidogo. Viazi vitamu vyenyewe vina kizuia-tripsini, hasa visipoiva vizuri. Minyoo ya askarisi nayo inatoa kizuia-tripsini chake. Vizuizi vitatu juu ya kimeng'enya kimoja, sumu ikapita nzima. Ujerumani baada ya vita, 1946 hadi 1949, iliona kitu hichohicho kwa watu wenye njaa.

Hatuna pigbel Dodoma, sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba soya mbichi na karanga mbichi zilizosagwa kwenye "unga wa lishe" nazo zina vizuia-tripsini. Soya itumbukizwe kwenye maji *yanayochemka*, dakika 30, itolewe maganda, ianikwe, ndipo isagwe. Karanga zikaangwe. Na ule mtindo wa kuchanganya nafaka na mikunde kumi kwenye mfuko mmoja siupendi hata kidogo: kila kimoja kinaiva kwa muda wake, uji unaepuliwa nusu ya vitu vikiwa vibichi.

Uwele_Mweupe

Vipi kuhusu "utumbo unaovuja"? Kuna watu mitandaoni wanauza poda za kuziba utumbo, wanasema protini nzima inapenya na kuleta mzio.

Darubini

Kitu chenyewe kipo. Biashara ndiyo imekizidi umri.

Seli za utumbo zimeshonwa. Bakteria wa kipindupindu ana sumu ya ziada, Zot, inayolegeza mshono, na kimeng'enya kinachokata okludini, protini mojawapo ya mshono huo. *Clostridioides difficile* anavuruga mifupa ya ndani ya seli hadi mshono unafunguka. *Bacteroides fragilis* wenye sumu wanaharibu E-kadherini, protini inayoshikanisha seli na seli. Lakini uvujaji wa mshono uliolegea kwanza unaruhusu maji, chumvi na molekuli ndogo. Protini nzima ya yai ni kubwa mno kwa nafasi ile, inahitaji ukuta uliochubuka hasa au ipite ndani ya seli.

Kuhusu mzio, jambo linalojulikana vizuri ni la panya. Panya akilishwa karanga hapati mzio, mwili unazoea. Akilishwa karanga pamoja na sumu ya kipindupindu, anapata. Maabara nyingi zinatumia mbinu hiyo makusudi. Sumu hapo haikufungua mlango tu, imepiga kengele kwa kinga ya mwili wakati protini ya karanga inapita. Kutoka kwa panya hadi mtoto wa Chamwino ni safari ndefu, na poda ya kwenye WhatsApp haijaitembea.

Choo_Hakidanganyi

Kipimo wanachokitaja ni laktulosi na manitoli. Mtoto anakunywa sukari mbili, kwa kawaida sehemu 5 za laktulosi kwa 1 ya manitoli, mkojo unakusanywa kwa saa kadhaa. Manitoli ni ndogo, inapita eneo zima la vilai. Ikipungua kwenye mkojo, vilai vimefupika. Laktulosi ni kubwa kidogo, inapita kwenye mishono; ikiongezeka, mishono imelegea. Uwiano ukipanda, utumbo una shida.

Mitego iko hapa: mtoto akikojoa kwenye nepi badala ya mfuko, jibu limeharibika. Na kubwa zaidi, hizi ni sukari za daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 342 na 182. Hazikuambii lolote kuhusu protini ya daltoni 45,000.

Kwa jirani zetu wa Haydom, Manyara, ulifanyika utafiti wa MAL-ED, wa maambukizi ya utumbo na utapiamlo kwa watoto; Haydom ilikuwa kimoja kati ya vituo 8 duniani. Watoto walibeba *E. coli* wa kung'ang'ania, *Campylobacter* na *Shigella* kwenye choo hata siku ambazo hawakuharisha, na mzigo huo ulikwenda pamoja na kutokuongezeka urefu. Utumbo wa namna hii una vilai vifupi na uvimbe usioisha, na vipande vya ukuta wa bakteria, endotoksini, vinapenya kidogokidogo kuamsha kinga. Kinga ikiamka inatumia asidi amino kwa kazi zake. Malawi ilionekana mwaka 2016 kwamba watoto waliodumaa walikuwa na asidi amino zote muhimu pungufu kwenye damu.

Baadaye palepale Haydom wakajaribu njia ya dawa, utafiti wa ELICIT: azithromaisini, nitazoksanidi na vitamini B3. Walipofika miezi 18, urefu haukubadilika. Kwa hiyo anayekupa antibayotiki "kusafisha utumbo ili protini iingie" anakupa kitu kilichojaribiwa wilaya ya Mbulu kikashindwa.

Chilonwa_Juu

Haya nimeelewa, nafuta kauli ya moto. Sasa mtoto ameharisha siku 3, choo kimekaa sawa. Anakula nini, kiasi gani?

Mlenda_Mkavu

Wakati wa kuhara wenyewe: aliye chini ya miaka 2 apewe ORS mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, kwa kijiko, polepole. Miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Pakiti moja kwa lita moja kamili. Kuigawa pakiti nusunusu kwa macho kunatoa chumvi isiyojulikana. Zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, chini ya miezi 6 miligramu 10. Dawa za kufunga choo kwa mtoto, hapana: zinaukwamisha utumbo, sumu inakaa ndani.

Kipi kinampeleka kituo cha afya bila mjadala: damu kwenye choo, kutapika kila kitu, macho kuzama, kulegea, kushindwa kunywa. Kwenye damu usijianzishie antibiotiki nyumbani. Kuna *E. coli* wa sumu ya Shiga ambaye dawa inaweza kumfanya aimwage sumu zaidi, figo zikalipa.

Chakula hakisimami. Akishaacha kuharisha, ongeza mlo mmoja kwa siku kwa angalau wiki 2. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kama gramu 10 za protini iliyofyonzwa vizuri; baada ya kuhara lenga juu ya hapo. Kijiko kikubwa cha dagaa wa unga ni kama gramu 8, ndani yake gramu 5 hivi za protini. Kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa kinaleta 4. Yai moja 6. Kwa hiyo dagaa kijiko kimoja asubuhi na karanga kijiko kimoja jioni tayari ni 9, kabla hujahesabu nafaka.

Nafaka sasa. Mtama una tabia mbaya: protini yake, kafirini, ikipikwa kwa maji inajifunga na kuwa ngumu kukatwa. Kwa watoto wa Peru uji wa mtama ulifyonzwa asilimia 46 tu, mahindi 73, ngano 81. Kuchachusha kunasaidia. Ukiwa na uwele, tumia uwele kwa mtoto mgonjwa.

Uwele_Mweupe

Nimalizie upande wa kimea, kwa sababu uji mzito mtoto mgonjwa haumezi, na uji mwepesi ni maji tu.

Uwele au ulezi kilo 1, chambua, loweka saa 12, mwaga maji. Tandaza kwenye gunia safi lenye unyevu saa 48, nyunyiza maji asubuhi na jioni. Anika juani mpaka ukauke kabisa. Sugua mizizi na vichipukizi vitoke, pepeta, saga. Mtama usitumie kwa mtoto: vichipukizi vyake vina dhurini, inayotoa sayanaidi.

Pika uji mzito wa kushikana na mwiko. Upoe hadi kama nyuzi 60 hadi 65. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa nusu lita, koroga. Ndani ya dakika 5 hadi 10 unaona uji unalegea mbele ya macho yako bila kuongeza maji. Ukikitia kimea kwenye uji unaochemka, kimeng'enya kinakufa na uji unabaki ulivyo.

Togwa ni hatua inayofuata: kimea kikishalegeza uji, tia vijiko viwili vya togwa ya jana, funika, saa 24 kwenye joto la ndani. Asidi ikifika pH 4 au chini, bakteria wengi wa kuhara hawakui. Utafiti uliofanyika Tanzania miaka ya 1990 uliwakuta watoto waliopewa uji uliochachushwa na vijidudu vichache kwenye choo.

Darubini

Togwa inazuia bakteria wapya. Sumu ya stafilokoka iliyokwishatengenezwa haiondoki kwa asidi. Mikono na vyombo vya mwanzo ndivyo vinavyoamua.

Chilonwa_Juu

Nyuzi 60 bila kipimajoto utajuaje?

Jiko_la_Lita50

Epua, koroga, subiri dakika 10 kwa sufuria ndogo ya lita moja iliyo wazi. Gusa ubavu wa sufuria juu ya usawa wa uji: kama kidole kinakaa sekunde moja tu kisha unakitoa, uko karibu. Kikikaa raha, umechelewa, pasha kidogo. Ila kipimajoto cha jikoni kinunueni, si cha kitajiri, na kinawahudumia maharage, wali na uji.

Na uji ukishalegea, urudishe motoni uchemke dakika 2 kabla ya kumpa mtoto. Unga wa kimea umelala kwenye gunia lenye unyevu siku mbili, una bakteria wake.

Uwele_Mweupe

Hiyo ya kuchemsha tena niliisahau. Wa togwa nao: chemsha kwanza, upoe, ndipo utie ile ya jana.